Kutoka Zahanati Hata Kenyatta: Safari ya Picha Moja ya Eksirei

Mtu akitaka kujua kama shamba lina msimamizi mwema, hatazami rangi ya nyumba ya mwenyewe. Hutazama matuta, mifereji ya maji na zizi la ng'ombe. Na hospitali ni vivyo hivyo. Ukuta mpya na lango la chuma havimwambii mgeni neno. Lakini akikaa nusu saa karibu na mlango wa chumba cha eksirei atajua mengi, maana hapo ndipo njia nyingi za hospitali zinapokutana. Huletwa hapo mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha, dereva aliyevunjika mguu, mama mjamzito aliyeandikiwa kipimo cha ultrasaundi, na mzee aliyetoka chumba cha upasuaji jana. Kila mmoja ametumwa na mganga wake, kwa karatasi yake, na kila mmoja lazima arudishiwe jibu lililo lake wala si la mwenzake. Hospitali yenye utaratibu itajulikana hapo, na isiyo nao itajulikana hapo upesi zaidi.

Kwa hiyo katika makala haya twataka kusafiri pamoja na msomaji tukiifuata picha moja. Mgonjwa wetu ni wa mfano tu. Tuseme ni mkulima wa chai wa Tetu, chini ya milima ya Nyandarua, aliyeanguka kutoka juu ya paa la ghala lake akaumia mguu na kichwa. Tutamfuata kutoka zahanati ya kijijini hata hospitali ya mji wa Nyeri, kisha tushuke naye kwa barabara ya Karatina, Sagana na Thika mpaka Nairobi. Njiani tutauliza swali moja: ni nani anayeongoza kazi hii, na anaiongozaje?

NGAZI YENYE VIPANDIO SITA

Huduma za afya katika Kenya zimepangwa kama ngazi yenye vipandio sita. Cha kwanza ni kijiji chenyewe, ambako wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Cha pili ni zahanati. Cha tatu ni kituo cha afya. Cha nne ni hospitali ya kaunti ndogo, na cha tano ni hospitali kuu ya kaunti. Cha sita, kilicho juu ya vyote, ni hospitali za rufaa za taifa, ambazo Hospitali ya Kenyatta ya Nairobi ni mojawapo.

Katiba ya mwaka 2010 iliigawa ngazi hii kwa wasimamizi wawili. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali 47 za kaunti zilikabidhiwa zahanati, vituo vya afya na hospitali zao. Serikali ya taifa ilibaki na hospitali kubwa za rufaa pamoja na kazi ya kuweka sera. Basi mgonjwa atokaye Tetu kwenda Nairobi huvuka mpaka wa serikali mbili. Yeye mwenyewe hauoni mpaka huo, wala mfupa uliovunjika hauujui. Lakini karani, dereva wa ambulansi na mhasibu wanaujua sana, na hapo ndipo shida nyingi huanza, maana mzigo upitao mikono miwili huweza kuangushwa katikati.

Katika zahanati mkulima wetu hakuti mashine ya eksirei. Humkuta muuguzi msimamizi, na nyuma ya muuguzi huyo kuna kamati ya wanakijiji wanaoangalia mambo ya zahanati. Mtu aweza kudharau mahali hapa kwa sababu hapana mitambo, lakini safari ya picha yetu huanzia hapa, kwa barua ya rufaa. Muuguzi akiandika tu "ameanguka, apigwe picha", mganga wa Nyeri ataanza kazi upya gizani. Lakini akiandika saa ya kuanguka, mguu upi unauma, kama mgonjwa alizimia, kama alitapika, na dawa gani amepewa, basi atakuwa amempunguzia mgonjwa saa nzima ya kungoja. Barua nzuri haigharimu senti zaidi ya barua mbaya.

HOSPITALI YA KAUNTI

Twafika sasa Nyeri mjini. Hospitali kuu ya kaunti ina Mganga Msimamizi, ambaye ndiye mkuu wa mahali. Chini yake kazi yote husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni waganga na matabibu. La pili ni wauguzi pamoja na mkuu wao. Hao ndio wengi, na ndio wakaao na mgonjwa usiku na mchana. La tatu ni utawala: ghala, jiko, daftari za fedha, magari, wafagizi na walinzi. Juu ya Mganga Msimamizi iko bodi, nayo huulizwa na serikali ya kaunti.

Watu wengi hudhani kwamba mkuu wa hospitali ni lazima awe yule ajuaye kupasua kuliko wote. Yaweza kuwa hivyo, lakini kuongoza ni kazi nyingine. Mpasuaji hodari huokoa mtu mmoja aliye mbele yake. Msimamizi hodari huhakikisha kwamba maji yako, damu iko, muuguzi wa zamu amefika, na jenereta ina mafuta, ili mpasuaji yule apate kufanya kazi yake. Pia huhakikisha kwamba kila mtu anajua ni nani anayemwamuru na ni nani atakayemwuliza. Wahenga walisema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama." Hospitali ambayo muuguzi hupewa amri tatu na wakubwa watatu kwa saa moja ni chombo cha namna hiyo.

Sasa tuingie katika idara ya picha. Mgeni akiingia huona mashine, naye hufikiri kwamba mashine ndiyo idara. Ukweli ni kwamba idara ni watu, na kila mmoja ana kazi asiyoweza kumwachia mwenzake.

Wa kwanza ni karani. Yeye hupokea karatasi, huandika jina na namba, na kupanga zamu. Wa pili ni radiografa, yaani fundi aliyefunzwa kupiga picha za eksirei. Wengi wao hutoka katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1927. Yeye humlaza mgonjwa, hupima nguvu ya miale, na kupata picha iliyo safi. Wa tatu ni daktari bingwa wa picha, aitwaye radiolojisti. Huyu kazi yake kubwa ni kuisoma picha na kuandika maana yake. Wa nne ni fundi wa mitambo, ambaye watu hawamkumbuki mpaka siku mashine inapokataa kuwaka. Pamoja nao yuko muuguzi wa kuwaangalia wagonjwa walio hoi.

Watu huwachanganya sana huyu wa pili na wa tatu, na si mashambani tu. Radiografa asipopiga vizuri, bingwa hana cha kusoma. Na bingwa asipokuwapo wa kusoma, picha nzuri hukaa bila kusema neno. Kwa hiyo kiongozi wa idara lazima aamue mapema: ni picha zipi zisomwe kwanza, ni nani atakayeitwa usiku, na jibu litakwenda wadini kwa njia gani. Mambo haya yasipoandikwa huamuliwa na yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, naye mara nyingi si mgonjwa aliye mahututi.

MIALE ISIYOONEKANA

Yafaa tukumbuke asili ya kazi hii. Mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu jina lake Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale iliyoweza kupita katika nyama na kuzuiwa na mfupa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Ulimwengu ulifurahi, lakini haukupita muda mrefu kabla ya watu kujua kwamba miale hiyo hudhuru. Waganga na mafundi wengi wa siku zile za mwanzo walipata vidonda na saratani, na wengine walikatwa vidole, kwa sababu hawakujikinga.

Ndiyo maana chumba cha eksirei kina sheria nyingi kuliko vyumba vingine. Kuta zake huwekwa kizuizi cha miale, na mlangoni huwaka taa ya kuonya watu. Wafanya kazi huvaa beji ndogo ya kupima kiasi cha miale iliyowapata. Anayelazimika kumshika mtoto wakati wa kupigwa picha huvaa aproni yenye madini ya risasi. Mwanamke huulizwa kama ana mimba. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya taifa ya kusimamia mambo ya nyuklia na miale, nayo ndiyo itoayo leseni za mashine hizi. Mgonjwa anayeambiwa "ngoja nje" asidhani anafukuzwa. Anakingwa.

Haya basi, mguu wa mkulima wetu umepigwa picha. Katika picha moja ile mna mambo matano ambayo kiongozi mwema huyaangalia: kwamba ombi liliandikwa na mganga mwenye sababu, kwamba mtu aliyelazwa ndiye aliyeandikwa, kwamba upande wa kulia umetiwa alama ya kulia, kwamba picha imesomwa na mwenye elimu ya kusoma, na kwamba jibu limemfikia mganga aliyeuliza, kwa wakati wa kufaa. Likikosekana moja, manne yaliyobaki huweza kuwa kazi bure. Makarani wasomao gazeti hili wataona kwamba mambo hayo matano yote yanahusu maandishi. "Mali bila daftari huisha bila habari," na mgonjwa bila daftari huweza kwisha vivyo hivyo.

MASHINE ZILIZOKUJA MWAKA 2015

Kabla hatujatoka katika hospitali za kaunti, lazima tutaje jambo lililozungumzwa sana nchini. Kwa miaka mingi mashine za hospitali zetu zilikuwa zikinunuliwa, zikafanya kazi muda, zikaharibika, zikawekwa pembeni na kufunikwa kwa shuka. Mwaka 2015 Serikali ya taifa iliamua kufuata njia nyingine. Ilifanya mikataba ya miaka saba na kampuni za nje, ili zilete mitambo, ziitunze na kuwafunza watu, nazo zilipwe kidogo kidogo kila mwaka. Hospitali 98 ziliandikwa katika mpango huo. Kwa upande wa picha kampuni iliyochaguliwa ilikuwa General Electric ya Marekani, na hospitali zilitazamia eksirei za dijiti, mashine za ultrasaundi na za kupima matiti. Gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa shilingi bilioni 38.

Shabaha ya mpango haikuwa mbaya. Katika miji mingi mama aliyekuwa akisafiri siku nzima kutafuta kipimo alikipata karibu na kwao, na mitambo iliyofungwa mahali palipokuwa tayari ilifanya kazi kubwa. Lakini si kila mahali palipokuwa tayari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na baadaye kamati maalum ya Seneti iliyotoa ripoti yake mwaka 2020, walionyesha mashine zilizokaa bila kutumika. Mahali pengine hapakuwa na umeme wa kutosha, pengine hapakuwa na maji, pengine chumba hakijajengwa, na pengine hapakuwa na mtu aliyefunzwa kuiendesha. Wakuu wa kaunti kadhaa walilalamika kwamba mikataba ilifanywa bila wao kuulizwa vya kutosha. Na hali kila kaunti ilikatwa fedha kila mwaka kwa ajili ya mpango huo: kwanza shilingi milioni 95, na baadaye milioni 200.

Mkulima ataelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Ukinunua trekta kabla ya kufyeka shamba, kabla ya kupata dereva, na kabla ya kujua mafuta yatatoka wapi, umenunua kibanda cha kuku. Wazee wa pwani wana neno lao: "Jino la pembe si dawa ya pengo." Mashine ni jino zuri. Lakini pengo lililokuwapo lilikuwa la watu, umeme na mpango, nalo halikuzibwa kwa kontena lililoshushwa uani.

Kosa kama hilo huzaliwa mezani, wala si katika chumba cha eksirei. Huzaliwa pale wanaonunua wasipokaa pamoja na watakaotumia. Laiti kila radiografa mkuu angeulizwa maswali matatu tu, yaani chumba kiko, umeme uko, watu wako, orodha ya kwanza ingekuwa fupi, na mashine nyingi zaidi zingekuwa zikitumika siku ile zilipofika.

NJIANI KWENDA NAIROBI

Turudi kwa mgonjwa wetu. Mguu wake waweza kutibiwa Nyeri. Lakini waganga wanaogopa kwamba kichwani mna damu iliyovuja, na kazi hiyo yataka mpasuaji wa ubongo, mtu asiyepatikana katika kila kaunti. Ambulansi inashuka. Inapita Karatina penye soko lake kubwa, inavuka Sagana, inaacha mashamba ya kahawa na kuingia katika mananasi ya Thika, kisha inashika barabara pana ya kuingia jiji. Safari hii ni ya kilometa 150 hivi. Kiongozi mwema wa Nyeri amekwisha kupiga simu Nairobi kabla gari halijaondoka, na picha zimekwenda pamoja na mgonjwa au zimetangulia kwa mtandao. Zikisahauliwa, mgonjwa atapigwa picha upya, atapata miale mara mbili, atalipa mara mbili, na saa itakuwa imepita.

Kabla ya kufika jijini, upande wa Kahawa, iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019. Mgonjwa wetu hapitii huko, lakini msafiri apendaye kujifunza yafaa aikumbuke, maana ina kituo cha picha cha namna mpya kwa ajili ya saratani. Huko mgonjwa hutiwa mwilini dawa iliyofanana na sukari, iliyofungwa na chembe itoayo miale. Saratani hula sukari kwa pupa, na kwa hiyo mahali ilipojificha huonekana katika picha.

Jambo la kushangaza ni saa. Chembe itumikayo sana katika kazi hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake kwa kila dakika 110 hivi. Haiwezekani kuiweka ghalani kama kwinini. Lazima itengenezwe siku ile ile karibu na hospitali, ipimwe, na kumkuta mgonjwa akiwa tayari, hajala, na amekwisha kuandikishwa. Karani akichelewa, dawa ya thamani kubwa hufifia chomboni. Hapo twaona wazi kwamba jinsi mashine zinavyozidi kuwa za ajabu ndivyo zinavyozidi kuhitaji utaratibu wa kawaida kabisa: kufika kwa wakati, kuandika sawasawa, na kuarifiana.

KENYATTA

Mwishowe twafika kilimani, kando ya Barabara ya Ngong, ilipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ilianza mwaka 1901 kwa vitanda 40, ikiitwa Hospitali ya Wenyeji. Mwaka 1952 ilipewa jina la Mfalme George wa Sita. Wakati huo watu walitibiwa kwa rangi zao, na Wazungu walikuwa na hospitali yao kilima hicho hicho, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Baada ya uhuru hospitali yetu ilipewa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Leo ina vitanda vipatavyo 1,800, na ndiyo hospitali kubwa ya rufaa nchini na shule ya waganga wengi.

Kwa muda mrefu iliendeshwa kama ofisi ya wizara. Mwaka 1987 ilifanywa shirika la Serikali lenye bodi yake na Mkurugenzi wake Mkuu. Maana ya badiliko hilo ni kwamba aliye hospitalini ndiye aamuaye mambo ya hospitali, naye ndiye aulizwaye yakiharibika. Chini ya Mkurugenzi Mkuu wamo wakurugenzi wa tiba, wa uuguzi na wa fedha, kisha wakuu wa idara, na idara ya picha ni moja kati yao. Ni mlolongo mrefu, na nguvu yake ni ile ya pingu iliyo dhaifu kuliko zote.

Hospitali hii imetoa mifano miwili ambayo kila kiongozi yafaa aiweke mezani pake.

Wa kwanza ni wa mwaka 2016. Mapacha wawili wa kike, waliozaliwa mwaka 2014 wakiwa wameungana sehemu ya chini ya mgongo, walikaa katika hospitali hiyo miaka miwili wakitayarishwa. Mwezi wa Novemba waganga waliwatenganisha kwa kazi iliyochukua saa 23. Kazi ya namna hiyo huanza kwenye picha, siku nyingi kabla kisu hakijaguswa: mfupa gani ni wa nani, mshipa gani unapita wapi. Wapasuaji wa namna mbalimbali, wa usingizi, wauguzi na wa picha hukaa pamoja, na kila mmoja hujua zamu yake. Watoto wote wawili waliishi, na Kenya nzima ilishangilia.

Wa pili ni wa mwaka 2018, katika hospitali hiyo hiyo. Wagonjwa wawili walikuwa na taabu za kichwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu, iliyohitaji kutolewa. Mwenzake alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Lebo za majina yao zikachanganywa. Asiyehitaji kupasuliwa akapelekwa kupasuliwa, na fuvu likafunguliwa, na saa zikapita kabla waganga hawajatambua kwamba damu waliyoitafuta haimo. Kwanza alisimamishwa daktari aliyepasua pamoja na wafanya kazi wengine kadhaa. Kisha Waziri wa Afya akaamuru Mkurugenzi Mkuu aende likizo. Madaktari wenzake waliteta wakisema kwamba mpasuaji yule hakuzifunga lebo kwa mkono wake.

Hatuandiki haya ili tuwahukumu watu hao. Twayaandika kwa sababu elimu iliyowatenganisha mapacha ndiyo hiyo hiyo iliyokuwapo chini ya paa lile siku ya kosa. Visu havikuwa vibaya, wala picha hazikuwa mbaya. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama na kusema, kabla ya kazi kuanza: "Mgonjwa huyu ni nani? Picha hii ni ya nani?"

Na dawa ya jambo hili yajulikana. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Jina la mgonjwa limo miongoni mwa ya kwanza, na picha zake pia huulizwa kama ziko mbele ya mpasuaji. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya dunia, mmoja wao ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kabla ya orodha walikufa wagonjwa 15 katika kila 1,000, na baada yake 8. Ni karatasi moja tu. Lakini karatasi haisomeki yenyewe. Lazima awepo kiongozi ambaye amemwambia muuguzi mdogo kabisa, "Ukiona jina halilingani, simamisha kazi, nami nitakuwa upande wako," na siku hiyo ikifika awe upande wake kweli.

YATUPASAYO SISI

Msomaji aweza kusema, "Mimi ni mkulima, au karani wa chama cha ushirika, mambo ya wakurugenzi yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Zahanati na hospitali zina kamati na bodi, na wajumbe wake huchaguliwa miongoni mwa watu kama wewe. Sheria ya mwaka 2023 iliruhusu hospitali za umma kubaki na fedha wanazolipa wagonjwa, ili zitumiwe pale pale zilipokusanywa. Maana yake ni kwamba fedha za kununua karatasi, dawa na vipuri zaweza kuwa karibu kuliko zamani. Na kwa hiyo macho ya watu wa mahali lazima yawe karibu pia. Aliyezoea kukagua hesabu za kiwanda cha kahawa aweza kukagua hesabu za hospitali. Asidanganyike na mashine mpya siku ya kukata utepe. Arudi baada ya miezi sita aulize: imepiga picha ngapi? Ilisimama siku ngapi, na kwa nini? Majibu ya picha hutoka baada ya siku ngapi? Ni nani huzisoma?

Na utakapokwenda wewe mwenyewe, au kumpeleka mzazi au mtoto, mna mambo machache yaliyo mikononi mwako. Chukua barua ya rufaa, wala usiipoteze. Zitunze picha za zamani, maana mganga hujifunza mengi kwa kulinganisha ya jana na ya leo. Sema jina lako kamili kila unapoulizwa, hata ukiulizwa mara kumi; anayekuuliza hakudharau, anatimiza kazi yake. Ikiwa una mimba, sema kabla ya kuingia. Na ukiona jina lililoandikwa mkononi pako si lako, paza sauti.

Mkulima wetu wa Tetu, tuseme, amefika kilimani. Ametolewa ambulansi, na muuguzi anasoma barua yake, kisha anatazama lebo mkononi mwake, kisha anamwinamia na kumwuliza, "Baba, jina lako nani?" Swali hilo fupi limeandaliwa na watu wengi ambao mkulima hatawaona kamwe, waliokaa mezani, wakaandika utaratibu, na kuhakikisha kwamba unafuatwa hata usiku wa manane. Kama utaratibu huo uko katika hospitali yako, wapongeze walioulinda. Kama hauko, mkutano ujao wa kamati usipite bila wewe kuuliza.